Kuandika Riwaya ya Kumsaka Muuaji wa Mfululizo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa waandishi wa riwaya za upelelezi kwa Kiswahili, hasa wale ambao kachero wao anamsaka mtu anayeua, akatulia, kisha akaua tena. Taratibu za polisi na mahakama zilizoelezwa ni za Tanzania. Pale Kenya inapokwenda kwa njia nyingine, tumetaja.

Muuaji wa mfululizo ni yupi hasa?

Ni mtu aliyeua watu wawili au zaidi katika matukio mbalimbali, yenye muda kati ya moja na jingine. Hiyo ndiyo tafsiri iliyotoka kwenye mkutano wa wataalamu ulioitishwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, huko San Antonio, Texas, mwaka 2005. Sheria ya Marekani ya 1998 inataka wafike watatu. Mtu anayeua watu sita sokoni kwa dakika kumi ni muuaji wa halaiki, na riwaya yake ni nyingine kabisa.

Kwenye mauaji ya kawaida kachero huanza na watu wa karibu: mume, mke, mdeni, ndugu wanaogombea shamba. Huuliza nani alikuwa na kisa na marehemu. Kwa muuaji wa mfululizo swali hilo huishia ukutani, kwa kuwa mara nyingi yeye na marehemu hawakuwa na uhusiano wowote. Hapo ndipo riwaya yako inapoanzia: siku kachero anapogundua kwamba swali alilolizoea miaka yote halimsaidii tena.

Nianze kuandika nini kwanza?

Jalada. Kabla ya sura ya kwanza, chukua faili la kawaida na ujaze kila kitu ambacho polisi wangekuwa nacho: ramani ya eneo uliyoichora kwa mkono, orodha ya vielelezo na namba zake, maelezo ya mashahidi (yaandike kwa sauti ya shahidi mwenyewe, nusu ukurasa kila mmoja), ripoti ya daktari, na ratiba ya kila mhusika kwa saa. Kwa riwaya ya maneno 80,000 jalada zuri hufika kurasa 40 hadi 60. Nyingi kati ya hizo msomaji hataziona.

Kwa nini kazi yote hiyo? Kwa sababu katika misako ya kweli jina la muuaji mara nyingi limo ndani ya makaratasi muda mrefu kabla hajakamatwa. Mwandishi asiye na jalada hujikuta sura ya mwisho analeta muuaji kutoka hewani, na msomaji wa upelelezi hasamehe hilo.

Kuna mfano wa kweli wa jina kukaa kwenye makaratasi bila kuonekana?

Upo, na kila mwandishi wa aina hii ya riwaya anapaswa kuujua vizuri. Peter Sutcliffe aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980. Katika msako huo polisi walimhoji mara tisa. Mara tisa!

Ilikuwaje? Oktoba 1977, jijini Manchester, kwenye mkoba wa mmoja wa marehemu ilipatikana noti mpya ya pauni tano. Ilikuwa mpya kiasi kwamba polisi walifuata njia yake kutoka benki hadi kwenye bahasha za mishahara za makampuni ya eneo la Bradford na Shipley. Wakahoji maelfu ya wafanyakazi, na Sutcliffe, dereva wa lori, alikuwamo. Lakini taarifa zilikuwa kwenye kadi za karatasi, nyingi mno, na kadi iliyosema huyu alihojiwa kuhusu noti haikukutana na kadi iliyosema gari lake limeonekana mara kwa mara kwenye mitaa ya matukio.

Kisha mwaka 1979 ikafika kaseti ya mtu anayejidai ndiye muuaji, mwenye lafudhi ya Sunderland. Wakuu wa msako waliiamini. Kuanzia hapo mtu yeyote asiye na lafudhi hiyo alikuwa na nafasi kubwa ya kuachwa, na Sutcliffe hakuwa nayo. Aliyetengeneza kaseti, John Humble, alifungwa mwaka 2006 baada ya vinasaba vyake kupatikana kwenye bahasha.

Sutcliffe alikamatwa Sheffield tarehe 2 Januari 1981, na kilichomponza ni namba bandia za gari. Kabla ya kupelekwa kituoni aliomba kwenda haja ndogo, akasogea nyuma ya tangi la mafuta. Siku iliyofuata askari mmoja alilikumbuka lile ombi, akarudi mahali pale, akakuta nyundo na kisu. Soma tena sentensi hiyo uone ilivyo na nguvu: kazi ya maelfu ya watu ikamalizikia kwa sajenti aliyekumbuka kwamba mtu aliomba kukojoa. Riwaya yako inahitaji kitu kimoja cha aina hiyo, kidogo, kilichopita mbele ya macho ya msomaji bila kumshtua.

Kachero atajuaje kwamba vifo vitatu ni kazi ya mtu mmoja?

Hapa ndipo riwaya nyingi zinapovunjika. Mwandishi anampa muuaji alama ya maonyesho, labda ua jekundu juu ya kila maiti, na kachero anaelewa yote kwenye sura ya pili. Basi msako umekwisha kabla haujaanza.

Tenganisha mambo mawili. La kwanza ni mbinu: anavyompata mtu, anavyomfikisha mahali, anavyoondoka. Mbinu hubadilika kwa kuwa muuaji hujifunza. La pili ni saini: jambo asilolihitaji ili kuua lakini hawezi kuliacha, kwa mfano kuvua viatu vya marehemu na kuvipanga. Saini hudumu zaidi, ingawa nayo inaweza kufifia pale anapokatishwa.

Kikwazo kikubwa ni mipaka ya kazi. Kifo cha kwanza kiko Morogoro, cha pili Dodoma, cha tatu Singida. Kila wilaya ina mkuu wake wa upelelezi na jalada lake. Hakuna aliyezembea, ila hakuna aliyepata sababu ya kumpigia mwenzake simu.

Kiunganishi kizuri hutoka kwenye karatasi za maisha ya kila siku. Chukua kitabu cha wageni cha gesti. Kina safu za jina, kabila, atokako, aendako, namba ya kitambulisho, sahihi. Muuaji ameandika majina matatu kwenye gesti tatu. Lakini kila mara saba yake ina kistari katikati, na kwenye safu ya "aendako" anaandika mji anaotoka, kisha anaukata kwa mstari mmoja na kuandika mwingine. Onyesha kitabu cha kwanza sura ya 4 kupitia macho ya mhudumu anayelalamika kwamba mgeni amemchafulia kitabu. Cha pili kionekane sura ya 11, kachero akiwa anatafuta jina la mtu mwingine kabisa. Sura ya 13 anaviweka vitabu viwili mezani. Msomaji makini atakuwa ameshaona. Asiyeona atarudi nyuma kuhakikisha, na atakuta ulimwekea.

Nani anafanya nini polisi?

Wilayani upelelezi uko chini ya OC-CID, mkoani chini ya RCO, na juu ya wote yuko DCI, mkurugenzi wa upelelezi wa nchi nzima. Kamanda wa polisi wa mkoa ni RPC, na ndiye anayezungumza na waandishi wa habari. Shughuli ya kutembea juani, kuandika maelezo na kubeba vielelezo hufanywa na makonstebo, makoplo na masajenti wa upelelezi. Ukimfanya RCO ndiye anayebisha hodi kila mlango, msomaji aliyewahi kufika kituoni atashangaa.

Mdogo humwita mkubwa "afande". Kachero akiingia kwa mama aliyefiwa hataanza na maswali. Ataamkia: "Shikamoo mama." Ataitikiwa "Marahaba, mwanangu," atatoa pole, atakaribishwa kiti. Mambo mengi ya maana husemwa baada ya hapo, pengine na mtoto aliyesimama mlangoni. Upekuzi wa nyumba nao huwa na shahidi huru, mara nyingi mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kilichochukuliwa huandikwa kwenye hati ya ukamataji mali inayosainiwa palepale. Huyo mjumbe ni mhusika mzuri sana: anamjua kila mtu, na jioni hiyohiyo mtaa wote utajua kilichopatikana.

Makosa gani hutokea kwenye eneo la tukio?

Umati. Polisi wanapofika, watu hamsini wameshakanyaga, mtu mwenye huruma ameshamfunika marehemu kanga yake, na mwingine ameokota simu ili "isipotee". Kanga hiyo imeleta nyuzi na nywele za mwenye kanga. Andika hivyo, ni ukweli, na unampa kachero kazi ya haki ya kuchambua kipi ni cha muuaji na kipi ni cha jirani mwema.

Kosa la pili ni ufungashaji. Nguo yenye damu huachwa ikauke kivulini, kisha huwekwa kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Ikifungwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki, unyevu hubaki ndani, kuvu na bakteria hukua, vinasaba huharibika. Ukitaka kielelezo muhimu kipotee bila kumfanya askari wako mla rushwa, mpe mfuko wa plastiki, joto la Februari na siku nne kwenye kabati.

La tatu ni alama za vidole. Kioo, kikombe cha kauri, mlango uliopakwa rangi ya mafuta: hapo hushika vizuri. Tofali bichi na gunia: sahau. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hutoa jasho, na ungaunga wa kuinulia alama haufanyi kazi kwenye kitu chenye maji. Lazima ikaushwe kwanza bila kupanguswa. Askari mgeni wa kazi ataipangusa.

Halafu kuna mnyororo wa utunzaji. Tangu kielelezo kinapookotwa hadi kinapotolewa mahakamani, kila mkono uliokishika uwe na maandishi: nani alikipokea, lini, kutoka kwa nani. Pengo moja linampa wakili wa utetezi mlango. Sura nzima ya mahakamani inaweza kusimama juu ya sahihi moja iliyokosekana.

Daktari atajuaje saa ya kifo?

Kwa makadirio, na daktari wako atoe saa kadhaa, asitoe dakika. Mwili huanza kukakamaa saa 2 hadi 6 baada ya kifo, hukaza wote zikifika saa 12 hivi, kisha hulegea ndani ya siku moja na nusu au mbili. Damu hushuka na kutulia upande uliolaliwa. Baada ya takriban saa 8 hadi 12 weusi huo hauhami tena, kwa hiyo maiti iliyokutwa chali ikiwa na weusi mgongoni na pia kifuani imegeuzwa na mtu.

Tahadhari kubwa ni joto. Ile kanuni ya mwili kupoa nyuzi moja kwa saa ni ya nchi za baridi. Dar es Salaam mchana wa nyuzi 32 mwili haupoi hivyo, na kwenye chumba cha bati unaweza usipoe kabisa. Kukakamaa huja mapema na kuondoka mapema. Kule Makete au Lushoto usiku wa Julai mambo ni kinyume. Mwandishi anayechukua saa kutoka kwenye filamu za Ulaya na kuzipeleka Temeke amemnyima kachero wake ushahidi wa kweli.

Simu inasaidia kiasi gani?

Sana, lakini haionyeshi nyumba. Kumbukumbu za kampuni ya simu huonyesha namba iliyopiga, iliyopigiwa, muda, na mnara uliobeba mawasiliano. Mjini mnara huhudumia mita mia kadhaa. Kijijini, kilomita nyingi. Namba ya kifaa hubaki ileile hata laini ikibadilishwa, na hapo ndipo wengi hunaswa: simu ya marehemu huuzwa, mnunuzi anaweka laini yake iliyosajiliwa kwa alama ya kidole, na polisi wanamfikia mtu asiye na hatia ambaye anakumbuka tu kwamba alinunua stendi.

Simu iliyozimwa nayo inasema. Kama simu ya mshukiwa huwaka siku zote na ilizimwa usiku wa matukio matatu tu, kachero ana cha kuuliza. Msisahau pia daftari la wakala wa pesa, na kamera za maduka, ambazo nyingi hujifuta baada ya wiki mbili hadi nne. Hiyo ni saa inayogonga bila bomu lolote: kachero akichelewa, picha imekwenda.

Vinasaba vikipatikana, si kesi imekwisha?

Hapana. Vinasaba bila mtu wa kulinganishwa naye havitaji jina. Tanzania sampuli hupimwa Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kipimo chenyewe si cha miezi, lakini foleni ipo. Usilete majibu jioni ileile.

Kesi ya kwanza kubwa duniani yafaa kusomwa. Wasichana wawili waliuawa Leicestershire, Uingereza, mmoja 1983, mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri moja ya mauaji hayo. Kipimo kipya cha Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, kikaonyesha kwamba si yeye. Polisi wakaomba damu ya wanaume zaidi ya 5,000 wa eneo hilo, na hakuna aliyelingana. Kwa nini? Colin Pitchfork alimshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Mwenzake akasema baa, mtu akasikia, akaripoti. Pitchfork alikamatwa 1987, akahukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988. Sayansi ilimwokoa asiye na hatia. Mwenye hatia alipatikana kwa maongezi ya baa.

Muuaji akikiri, sura ya mwisho imepatikana?

Inategemea alikiri mbele ya nani, lini. Tanzania polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu anapokuwa chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu wa kisheria. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda bila nyongeza yanaweza kukataliwa na mahakama. Kenya ungamo huchukuliwa mbele ya jaji, hakimu au afisa wa polisi wa ngazi za juu asiye mpelelezi wa kesi hiyo, akiwapo mtu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Konstebo na sajenti hawahesabiki. Kachero mwenye hasira anayemfungia mtu siku mbili ili "aseme" anaweza kupata jina sahihi na kupoteza kesi. Ukiandika mateso, andika na matokeo yake.

Muuaji awe mtu mwenye akili za ajabu?

Si lazima, na mara nyingi hudhoofisha riwaya. Moses Sithole, aliyehukumiwa Afrika Kusini mwaka 1997 kwa mauaji 38, aliwavuta wanawake kwa kuwaahidi kazi. Ahadi ya kazi, kwenye jamii yenye njaa ya kazi: hakuhitaji zaidi ya hapo, na hilo linatisha kuliko fumbo lolote.

Dennis Rader wa Wichita, Marekani, aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991 na kupenda kuwaandikia polisi. Aliwauliza kama diski ya kompyuta inaweza kumfichua. Wakamjibu kwa tangazo la gazetini kwamba haina shida. Mwaka 2005 akatuma diski. Ndani yake kulikuwa na jina la kanisa alilokuwa kiongozi na jina "Dennis". Kiburi kilimwangusha baada ya miaka 31.

Uchawi na ushirikina vina nafasi?

Kama uvumi, ndiyo, kwa sababu mtaa utasema. Mganga anaweza kuwa shahidi, anaweza kushukiwa, anaweza kujua siri za wateja wake. Ila fumbo lisifunguliwe kwa ramli. Na mauaji ya watu wenye ualbino yasitumiwe kama kionjo cha kuongezea hofu. Yale yalikuwa na biashara, wateja na wapatanishi. Ukiyagusa, yafanyie utafiti wake yenyewe, kwa heshima.

Marehemu wangapi, na niwaandike vipi?

Wanne au watano wanatosha. Kila mmoja apate kurasa zake akiwa hai: anachodaiwa, anayempenda, safari aliyokuwa anaipanga. Marehemu wa tatu asiye na jina wala mama humfanya msomaji ahesabu maiti kama vocha. Maelezo ya majeraha yawe mafupi, kwa lugha ya daktari. Kilichokuwa mfukoni mwa marehemu huumiza zaidi: risiti ya ada ya mtoto, iliyolipwa nusu.

Mpangilio wa sura ukoje?

Kwa maneno 80,000, sura 40 za maneno 2,000 hubebeka. Kifo cha kwanza kitokee kabla ya ukurasa wa 10. Muunganisho wa matukio ugunduliwe kwenye robo ya kwanza au baadaye kidogo. Katikati, mtu asiyehusika akamatwe, na msomaji aamini ndiye. Kosa hilo liwe na gharama: wakati yuko mahabusu, mwingine anakufa. Muuaji mwenyewe awe ameonekana, kwa jina na kwa kazi yake, angalau mara tatu kabla ya theluthi ya kwanza kwisha.

Natoa hadithi kwa sehemu kwenye WhatsApp au Facebook. Kuna hatari gani?

Moja kubwa: huwezi kurudi sehemu ya 4 kupanda kidokezo ulichokihitaji sehemu ya 31. Malizia mswada wote kwanza, ndipo uanze kutoa, maneno 1,000 hadi 1,500 kwa siku. Na usimbadilishe muuaji kwa kuwa mchangiaji mmoja amemgundua. Akigundua kwa haki, ulipanda vizuri.

Lazima akamatwe, au afungwe?

Lazima ajulikane. Kukamatwa ni hiari yako. Hata kutoroka si jambo lisiloaminika: Agosti 2024 mtuhumiwa wa miili iliyoopolewa kwenye shimo la taka la Kware, Nairobi, alitoroka mahabusu ya kituo cha Gigiri pamoja na wengine 12.

Ukimfikisha mahakamani Tanzania, kumbuka hatua. Husomewa shtaka kwanza mahakama ya chini, na hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Hakuna dhamana. Kesi huahirishwa siku 14, kisha 14 nyingine, upelelezi haujakamilika, hadi ifike Mahakama Kuu. Familia za marehemu huja kila tarehe. Hukaa benchi la nyuma, wengine na chakula kwenye hotpoti, na mshtakiwa akipandishwa kizimbani humtazama.